Draivu ya DVD ya nje au ya ndani? Mwongozo kamili wa kuchagua, kupima na kufunga

Wakuu, naandika hii kwa sababu haipiti wiki sijaletewa shida ileile. Mtu kaenda Kariakoo kanunua draivu ya DVD, kafika nyumbani Chanika kachomeka, haisomi. Kesho yake anairudisha, muuzaji anaichomeka kwenye mashine ya dukani inasoma safi kabisa, wanabishana pale, nauli imeenda mara mbili na siku imepotea. Mwingine kanunua ya ndani ya laptopu, kafungua skrubu, kusukuma ndani haiingii.

Draivu nyingi ninazoletewa hazina ubovu wowote. Tatizo ni kwamba zilinunuliwa kabla mwenyewe hajaiangalia mashine yake. Kwa hiyo hapa tunaanza na kazi yako, halafu mashine, halafu umeme, duka linakuja baadaye kabisa.

## Vitu vya kuandaa kabla hujatoka nyumbani

- Kompyuta yenyewe. Kama ni laptopu beba na chaja yake, usiende dukani mikono mitupu. Kama ni ya mezani, fungua ubavu upige picha za ndani kwa simu.
- Diski tatu zako: CD ya kiwandani (ya kwaya, kaswida, yoyote halali ya dukani), DVD ya kiwandani, na DVD iliyochomwa (yaani iliyorekodiwa) na mtu kwenye kompyuta, mfano ya harusi. Kama kuna diski maalumu inayokufanya ununue draivu, ibebe na hiyo.
- DVD-R tupu moja au mbili.
- Rula yenye milimita.
- Bisibisi ndogo ya nyota.
- Klipu ya karatasi ya chuma.
- VLC, programu ya bure ya kuchezea video, iwe imeshashushwa na kuwekwa kwenye kompyuta. Bando lisije likakuishia mbele ya muuzaji.

Kwa wanaofunga ya ndani kwenye kompyuta ya mezani, ongeza waya mmoja wa SATA wa data (unaounganisha draivu na ubao mkubwa wa kompyuta) na skrubu nne ndogo. Draivu za mtumba mara nyingi zinauzwa hivihivi bila waya wala skrubu, na hii ndiyo inayowarudisha watu dukani.

## Hatua ya 1: Weka diski zako mezani uzihesabu

Usikisie. Zitoe zote uzione.

CD inabeba mpaka MB 700, DVD ya kawaida GB 4.7, DVD ya tabaka mbili GB 8.5, Blu-ray GB 25 au 50. Hii ina maana kwenye ununuzi kwa sababu draivu ya DVD haitasoma Blu-ray hata uifanyeje, leza yake ni nyingine kabisa. Kwa hiyo kama kwenye fungu lako kuna hata Blu-ray moja unayoihitaji, unatafuta draivu ya Blu-ray na bei inapanda. Kama hamna, achana nayo kabisa, usishawishiwe.

Sasa jiulize unasoma tu au unachoma pia. Kwenye uso wa draivu kuna alama. Ikiandikwa DVD-ROM inasoma tu. Kuna za zamani zinaitwa combo, zinasoma DVD lakini zinachoma CD peke yake, na hizi bado zinazunguka kwenye maduka ya mtumba watu wanauziwa kama "DVD writer". Unayoitaka ina alama ya DVD-RW au DVD+RW, au vyote viwili. Hiyo inasoma na kuchoma CD na DVD.

Halafu idadi. Kama una diski nne tu za zamani unataka kuzihamishia kwenye flashi na basi, ndugu yangu usinunue chochote, nenda steshenari yenye draivu wakuhamishie mbele ya macho yako. Ila kama ni diski yenye siri, picha za hospitali au nyaraka za kesi, kaa hapohapo mpaka mwisho na hakikisha wamefuta nakala kwenye kompyuta yao, na kwenye lile pipa la takataka pia.

Ukishafanikiwa: una sentensi moja kichwani, kama "nahamisha DVD 60 za harusi kwenye hadi disk" au "nachoma CD 30 za mahubiri kila Jumapili". Sentensi hiyo ndiyo itakayoamua mengi mbele.

## Hatua ya 2: Iangalie mashine yako

### Kama ni laptopu

Angalia ubavuni. Laptopu nyembamba za siku hizi hazina nafasi ya draivu kabisa, na hapo mjadala umeisha, wewe ni wa draivu ya nje. Ruka mpaka hatua ya 4.

Kama kuna mlango wa draivu, bonyeza kitufe. Hakuna kitufe? Basi ni moja kati ya mawili. Ama ni plastiki tupu iliyozibwa kiwandani, ama fundi aliitoa draivu akaweka kedi (fremu inayokaa kwenye nafasi ya draivu) yenye hadi disk au SSD, ile hifadhi isiyo na diski inayozunguka. Hii ya pili imejaa sana hapa mjini, laptopu nyingi za mtumba zimeongezewa SSD kwa njia hiyo.

Tahadhari: kama kuna kedi, usiichomoe kabla hujajua Windows yako imekaa wapi. Nilishaona kijana kaichomoa kwa haraka ili arudishe DVD, kumbe mfumo wote na faili za kazi ziko kwenye SSD ya mlemle. Alidhani laptopu imekufa. Kama una SSD humo, iache ilivyo, nunua draivu ya nje.

Kama una draivu ya ndani iliyokufa na unataka kuweka nyingine, unene ndio unaoua watu. Draivu za laptopu nyingi ni za milimita 12.7 au milimita 9.5. Ukiziangalia kwa macho bila kuziweka pamoja utasema ni moja, lakini hiyo tofauti ya milimita 3.2 inatosha nene isiingie kabisa, na nyembamba ikaingia ikabaki inacheza mpaka pini za nyuma zinashindwa kushikana vizuri. Toa ya zamani, ilaze, ipime na rula, halafu soma namba ya modeli kwenye stika yake. Bora zaidi beba hiyo ya zamani uende nayo ukailinganishe.

### Kama ni kompyuta ya mezani

Mbele ya boksi tafuta mlango mpana wa inchi 5.25, ule wenye upana kama wa sahani ya chai. Upo? Vizuri. Halafu fungua ubavu uangalie vitu viwili. Cha kwanza ni tundu la SATA lililo wazi kwenye ubao mkubwa, kadogo tu, kenye umbo la herufi L. Cha pili ni waya wa umeme wa SATA kutoka pawa saplai, mpana kuliko ule wa data, nao una L yake. Ukiwa na vyote viwili, ya ndani inakubali.

Ukikuta nyaya pana bapa kama utepe zenye matundu 40, hiyo ni mashine ya zamani ya IDE, draivu ya SATA haitachomekeka hapo moja kwa moja. Nunua ya nje tu.

Vile viboksi vidogo vya ofisini vya mtumba, vinavyolala au kusimama vyembamba, vinatumia draivu nyembamba za laptopu au havina nafasi kabisa. Watu wananunua ile kubwa ya inchi 5.25 wanarudi nayo. Pima kwanza.

Ukishafanikiwa: unajua kama nafasi ipo au haipo, na kama ipo ni ya unene gani na waya gani.

## Hatua ya 3: Amua

Msimamo wangu ni huu. Mwenye laptopu, karibu kila mara, achukue ya nje. Mwenye kompyuta ya mezani yenye nafasi, anayechoma diski nyingi, achukue ya ndani na asisikilize mtu.

Sababu ya ya nje iko wazi, unaichomeka laptopu yako leo, kesho ya shemeji, keshokutwa ile ya ofisini, na laptopu ikifa draivu inabaki. Ikiharibika pia huifungui mashine.

Ya ndani inashinda kwenye kuchoma. Draivu nyembamba, iwe ya laptopu au ya nje ya USB, kawaida inaishia kasi ya 8x kwenye DVD na 24x kwenye CD. Ile kubwa ya mezani inafika mpaka 24x kwenye kuchoma DVD na 48x kwenye CD. 1x ya DVD ni kama MB 1.4 kwa sekunde, kwa hiyo 8x ni kama MB 11. DVD iliyojaa kwa 8x haiwezi kukamilika chini ya dakika saba, na kiuhalisia inazidi kwa sababu draivu inaanza taratibu inapanda polepole. Ukichoma mbili kwa mwezi hutaona tofauti. Ukichoma 30 kila Jumapili, waumini wamesimama nje wanasubiri, utaiona. Na ile kubwa ina mwili mzito, diski haitetemeki, umeme wake unatoka moja kwa moja kwenye pawa saplai, kwa hiyo inavumilia kazi ndefu kuliko kale kadogo.

Hapo kwenye kasi kuna jambo moja linawagharimu watu hela bure. Muuzaji atakuonyesha draivu mbili za nje, moja ya USB 2.0 na nyingine yenye kichwa cha bluu ya USB 3.0, atakwambia ya bluu inasoma haraka zaidi. Kwa DVD si kweli. USB 2.0 inabeba megabiti 480 kwa sekunde, yaani MB 60 kwa hesabu ya karatasi, hata ukitoa nusu ya hiyo bado draivu yako ya MB 11 inapita bila msongamano. Faida ya ile tundu ya USB 3.0 ni umeme, na hiyo ndiyo hatua inayofuata.

Njia ya tatu, ambayo mimi naipenda: kama una laptopu mbovu imelala kabatini na draivu yake bado nzima, nunua kava la USB la draivu za laptopu, tumbukiza draivu ndani, tayari una ya nje. Zingatia unene tena, kava la 9.5 halipokei draivu ya 12.7. Na hakikisha draivu ni ya SATA, za laptopu za zamani sana zina pini nyingine.

Wenye MacBook za Type-C, ya nje ni lazima na utahitaji adapta nzuri. Ukikutana na SuperDrive ya Apple ya mtumba kwa bei ya kuvutia, kumbuka imetengenezwa kwa ajili ya Mac, usiinunue kwa matumaini ya kuitumia kwenye Windows.

## Hatua ya 4: Umeme, hapa ndipo wengi wanapoangukia

Mama mmoja wa Mbagala alinijia na CD ya MRI ya mumewe, kaifunga ndani ya bahasha mbili, daktari wa pili alitaka kuona picha Jumatatu asubuhi. Alikuwa na draivu mpya ya nje, na mtoto wake alishaamua ni feki. Nikaichomeka vilevile walivyokuwa wanaichomeka, kwenye habu ya USB (kile kigawanyio cha matundu) yenye mausi na modemu. Taa ikawaka, diski ikaanza kuzunguka, halafu tik... tik... tik, taa ikazima, Windows ikalia ile sauti ya kuchomoa, ikalia tena ya kuchomeka. Nikatoa habu, nikachomeka draivu yenyewe kwenye tundu la laptopu, nikaunga na chaja. Diski ikachanganya ikatoa vuuu moja ndefu, taa ikatulia, faili zikatokea. Mama alikaa kimya anaangalia skrini mpaka picha ya kwanza ilipofunguka.

Sababu ni hii. Tundu la USB 2.0 kwa kiwango chake linatoa miliampea 500, la USB 3.0 linatoa 900. Mota ya draivu inavuta umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuisukuma diski kutoka kusimama, na inapochoma leza nayo inataka fungu lake. Ukigawana tundu hilo na mausi na modemu, umeme hautoshi, draivu inazima inawaka, wewe unasema ni mbovu.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, hakuna habu. Kama lazima habu, iwe yenye adapta yake ya ukutani.
2. Chagua tundu la USB 3.0, mara nyingi lina rangi ya bluu ndani.
3. Kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma. Ya mbele yanapita kwenye waya mwembamba wa ndani, kwenye mashine zilizotumika sana unakuta umechoka.
4. Tumia waya mfupi uliokuja na draivu, usiunganishe na waya wa kurefusha.
5. Draivu nyingine zinakuja na waya wa vichwa viwili. Hicho cha pili si cha akiba, ni cha umeme, chomeka vyote.
6. Laptopu iwe kwenye chaja.

Simu na tableti usijaribu, nyingi haziwezi kuilisha.

Dalili za umeme kupungua: tik tik ya kurudia, taa kuwaka na kuzima, draivu kutokea na kupotea, kusoma CD vizuri ila kuchoma kunafeli katikati. Ukiona hizi rudia orodha hiyo kabla ya kumlaumu muuzaji.

## Hatua ya 5: Pima dukani, kwa diski zako

Usikubali kupimiwa kwa diski ya muuzaji kwenye mashine ya muuzaji. Diski yake anaijua inakubali. Toa laptopu yako, toa diski zako. Muuzaji mzuri hakasiriki, na akikasirika Kariakoo ina maduka mengi.

Pima kwa mpangilio huu: CD ya kiwandani, DVD ya kiwandani, DVD iliyochomwa, mwisho choma ile tupu.

Kwa nini zote? Kwa sababu ndani ya draivu kuna leza ya CD na leza ya DVD, ni mbili tofauti, moja ina mawimbi ya nanomita 780 nyingine 650. Moja inaweza kuchoka nyingine ikabaki nzima. Hivyo muuzaji anakuwekea CD ya muziki inaimba, unaondoka na furaha, nyumbani DVD haisomi hata moja. Na iliyochomwa inarudisha mwanga hafifu kuliko ya kiwandani, kwa hiyo leza iliyoanza kuchoka inajulikana hapo kwanza. Kama DVD yako ya harusi ya mwaka 2009 inafunguka bila kukwamakwama, draivu hiyo ina macho mazuri.

Usiishie kuona majina ya faili. Kopi faili moja kubwa kutoka mwishoni mwa diski, au kwenye filamu sogeza mpaka dakika za mwisho. Diski inasomwa kuanzia katikati kwenda nje, na draivu mbovu inaanza vizuri inakwama ukingoni.

Fungua trei mara tano. Itoke yote bila kusita. Isukume kidogo kwa kidole pembeni, isilegee sana. Kwenye zile nyembamba lenzi inaonekana, iwe safi inang'aa, isiwe na ukungu. Sisi tuko pwani, unyevu na vumbi la barabarani vinaingia kila mahali, draivu ya mtumba iliyokaa wazi mwaka mzima kwenye kaunta lenzi yake inajieleza yenyewe.

Dai risiti ya EFD, na makubaliano ya kurudisha yaandikwe juu ya risiti pamoja na siku. Maneno ya mdomo yanasahaulika ukishavuka barabara.

Ukishafanikiwa: diski zote tatu zimefunguka, ile tupu imechomwa na imesomeka tena, hakuna tik tik.

## Hatua ya 6: Kufunga

Ya nje umeshamaliza, chomeka tu. Windows inaitambua yenyewe, ukipewa CD ya draiva (programu ya kuitambulisha draivu kwa kompyuta) weka pembeni.

Ya ndani, kompyuta ya mezani. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi hivi umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha boksi utoe umeme wa mwilini. Fungua ubavu. Toa kifuniko cha plastiki cha mbele. Draivu inaingia kwa mbele kwenda nyuma, isukume mpaka uso wake ulingane na boksi, funga skrubu mbili kila upande, usikaze mpaka kilio. Chomeka data, chomeka umeme. Ile L ina upande wake mmoja tu, kama haiingii geuza, usilazimishe, kipande kile cha plastiki kikivunjika ndani ya draivu mpya hakuna waranti itakayokusikiliza.

Ya laptopu. Zima, toa chaja, toa betri kama inatoka. Draivu nyingi zinashikwa na skrubu moja tu chini, mara nyingi ina kamchoro ka diski pembeni. Toa skrubu, vuta draivu polepole kwa ubavu. Kisha hamisha vitu viwili kutoka ya zamani kwenda mpya: uso wa plastiki na kile kibati kidogo cha nyuma kinachoshika skrubu. Watu wanakitupa kibati pamoja na draivu mbovu halafu mpya inatoka nje kila ukibonyeza kitufe. Kama trei ya zamani haifunguki ili uupate uso, ndipo ile klipu inafanya kazi, inyooshe, ichomeke kwenye kitundu kidogo mbele, sukuma kiasi, trei itachomoka.

## Hatua ya 7: Ikionekana lakini haifanyi kazi

Fungua Device Manager, sehemu ya Windows inayoorodhesha vifaa vya kompyuta. Kama haipo kabisa, ni waya au umeme, rudi nyuma. Kama ipo na alama ya njano, bonyeza kulia uifute hapo, washa kompyuta upya, Windows itaisoma mpya.

Filamu ya DVD haichezi wakati faili unaziona? Windows 10 na 11 hazina kichezeo cha DVD ndani yake. Hiyo ndiyo kazi ya VLC. Kwa filamu za Blu-ray zenye ulinzi utahitaji programu ya kununua, VLC peke yake haitoshi.

Na hili liwe kwenye akili za wanaoletewa DVD na ndugu walioko nje. Filamu za DVD zimegawanywa kwa kanda. Tanzania tuko kanda ya 5, Marekani ni ya 1, Uingereza ya 2. Draivu ikikuuliza kubadili kanda, jua inakubali kubadilishwa mara 5 tu, baada ya hapo inagandia ile ya mwisho moja kwa moja, hata ukiweka Windows upya. Usibonyezebonyeze kukubali. Jaribu kwanza na VLC, mara nyingine inaicheza bila kugusa kanda.

## Hatua ya 8: Diski yako ya kwanza

Ukiweka diski tupu Windows itakuuliza unataka itumike kama flashi au kwa ajili ya CD/DVD player. Chagua ya pili. Ya kwanza inaleta diski ambazo deki ya sebuleni na redio ya gari hazizielewi, na hapo ndipo mteja anarudi analalamika. Kwa redio za gari za zamani choma CD ya muziki kamili, ile ya dakika 80, kuweka faili za MP3 tu haitoshi kwa redio nyingi za aina hiyo.

Kasi weka ya chini au ya kati, 4x mpaka 8x kwa DVD. Funga programu nyingine, laptopu iwe kwenye meza, usiipakate. Kama ni ya mezani na huna UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), usianze kuchoma wakati umeme unapepesapepesa, DVD-R iliyokatika katikati hairudiwi, ni ya kutupa. Programu ikitoa chaguo la kuhakiki baada ya kuchoma, liwekee tiki.

Draivu ya nje usiitikise wala kuiinua wakati diski inazunguka. Diski ikiwa na uchafu ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, mstari ulionyooka, usizungushe, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko ni mgumu zaidi kwa draivu kuuruka. Ukimaliza toa diski, usafiri nayo ndani kwenye daladala.

Na zile diski za zamani, zikopi siku hiyohiyo draivu inapofanya kazi. Tengeneza folda yenye jina na mwaka, kopi diski nzima na si faili moja moja unazozipenda. Za hospitali hasa, kopi kila kitu pamoja na faili linaloitwa DICOMDIR, kwa sababu ndilo linaloiambia programu ya daktari picha zipi ziko wapi. Fungua nakala yenyewe kwenye hadi disk uione inafunguka bila diski ndani ya draivu. Yule mama wa Mbagala aliondoka na flashi moja na CD yake, vyote kwenye bahasha zilezile mbili.